Funza usiyemjua kwenye banda la sungura: namna ya kumtambua ukiwa Mwanza

Wakuu, watu wengi wakikuta kitu kinajongea chini ya banda la sungura au simbilisi wanaenda kinyumenyume, kwanza picha, pili mafuta ya taa, alafu ndo swali "jamani huyu ni mdudu gani". Mdudu mwenyewe ashakufa, picha haionekani vizuri, na sungura hajaangaliwa. Mimi nasema anza na sungura. Karibu funza wote utakaowakuta kwenye banda hawana habari na mnyama wako, wanakula kinyesi, pumba zilizolowa, majani yaliyooza, basi. Ila kuna wawili watatu wanaokula mnyama akiwa hai na hao hawakupi mda wa kusubiri watu wakujibu.

Kwahiyo mtoe nje kwenye mwanga, mshike vizuri miguu ya nyuma isirushe (sungura akijirusha vibaya anaweza kuvunja mgongo), alafu muangalie sehemu ya haja, chini ya mkia, kwenye mikunjo ya mapaja, tumboni, na kama ana kidonda popote pale angalia na hapo. Penua manyoya kwa vidole usiangalie juu juu. Wa kuogopewa zaidi ni yule anayeharisha, aliyenenepa hadi hajifikii kujisafisha, mzee, au anayelala kwenye trei yenye mkojo. Nzi wale wanaong'aa kijani au bluu wanafuata hiyo harufu, wanataga mayai ya rangi nyeupe inayoelekea njano, kwa mafungu, yamegandia kwenye manyoya, na kwa joto letu hili yanaweza kuanguliwa ndani ya siku moja tu au chini ya hapo. Wakishaanguliwa wanashuka kwenye ngozi na kuanza kula. Sungura unamkuta amejikunyata kona, hali, ananuka, na huenda kwa juu huoni kitu mpaka upenue.

Ukikuta hivo, achana na kutafuta jina la mdudu. Daktari wa mifugo leo leo, siyo kesho asubuhi. Wakati unamsubiri au uko njiani toa wale unaowaona kwa kibano cha nyusi, punguza manyoya yaliyolowa kwa mkasi taratibu maana ngozi ya sungura ni nyembamba inachanika kirahisi, osha sehemu ile tu kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi kidogo, alafu mkaushe. Usimloweshe mwili mzima. Usimwage mafuta ya taa wala oili chafu wala dawa ya kuogeshea ng'ombe, na hili nalisema kwa sauti, dawa za viroboto za mbwa zenye fipronil ni sumu kwa sungura, kuna watu wanamuua sungura kwa dawa wakati funza walikuwa bado hawajafika popote. Dawa ya kuua funza hao, ivermectin, ipo na inafanya kazi lakini inapimwa kwa uzito wa mnyama, mwachie daktari.

Wa pili wa kuangalia ni uvimbe. Siyo kidonda, uvimbe mgumu wenye katundu kadogo katikati, pengine panatoa majimaji, na ukitulia ukaangalia na tochi unaona kitu kinacheza pale kwenye tundu. Huyo ni nzi tumbu, yupo sana huku Afrika kusini mwa Sahara, na mama yake hatagi kwenye mnyama, anataga kwenye mchanga wa kivulini wenye harufu ya mkojo au kinyesi, au kwenye nguo zilizoanikwa bila kukauka vizuri. Funza anasubiri hapo hadi ngozi yenye joto ipite. Kwa hiyo sungura anayelala kwenye udongo mtupu, au juu ya kitambaa kilichoanikwa kivulini, ndo anapata. Usikamue ukidhani ni jipu, akipasukia ndani inakuwa shida nyingine, paka vaselini nene izibe tundu, akikosa hewa anapanda juu na hapo anatolewa kirahisi, ila kwa mnyama mdogo ni bora afanye mtu aliyezoea. Na kwakuwa huyu mdudu hachagui, vile vitambaa vya bandani vipige pasi pande zote mbili, na nguo za watoto pia kama zinaanikwa karibu na banda.

Hapa niweke angalizo moja kuhusu picha za mtandaoni. Ukitafuta "funza kwenye shingo ya sungura" utaletewa picha za kutisha za lidude likubwa jeusi, wengi hapo ndo wanapanic. Yale mengi ni ya Marekani, kuna jamii ya nzi wa huko wanaoitwa Cuterebra wanaoshambulia sungura na panya, sisi huku hatuna. Linganisha mdudu wako na wadudu wa kwetu.

Haya, mnyama ni mzima, hana mayai, hana uvimbe. Sasa unaweza kumgeukia mdudu bila presha.

Umemkuta wapi na alikuwa anakula nini

Watu wanaanzia kwenye rangi. Rangi inadanganya, funza huyo huyo mmoja anaanza mweupe anamaliza kahawia, na akishakula kitu cheusi tumbo linaonekana jeusi. Swali la maana ni amekutwa wapi kabisa: ndani ya mbolea iliyolowa, kwenye maranda makavu, kwenye gunia la chakula, kwenye maji, au kwenye majani uliyoleta jana. Kabla hujamgusa andika hilo.

Alafu mweke kwenye sahani nyeupe, weka rula pembeni, washa tochi ya simu kwa ubavuni siyo kwa juu. Tafuta vitu vitatu: kichwa, miguu, manyoya. Asiye na kichwa kinachoonekana wala miguu, amechongoka upande mmoja na upande wa pili amekatika butu, huyo ni mtoto wa nzi. Mwenye kichwa kigumu cha kahawia na miguu sita mbele, ni mtoto wa mbawakawa, yani wale wadudu wenye magamba mgongoni. Mwenye kichwa, miguu sita mbele, na tena vijiguu laini vya nyama chini ya tumbo, huyo ni kiwavi, atakuja kuwa nondo au kipepeo. Mwenye kichwa cha kahawia, hana miguu kabisa, mwembamba sana, ana vinywele vichache na anajinyonganyonga ukimgusa, mshuku kiroboto.

Kwa hao watoto wa nzi kuna kitu kinachanganya kila mtu. Kule kwenye upande mnene, ule ulioishia butu, unaona vidoa viwili vyeusi vinakutazama, na kila mtu anasema "ona macho yake". Siyo macho, ni matundu ya kupumulia, pale ndo nyuma. Mdomo uko upande ule uliochongoka, ni vindoano viwili vyeusi vinavyoingia na kutoka akiwa anatembea, ukimuweka kwenye sahani iliyolowa kidogo utaviona vikivuta. Hivyo vidoa vya nyuma ndivyo wataalamu wanavyotumia kutofautisha aina moja ya nzi na nyingine, kwa hiyo ukipiga picha usisahau makalio yake.

Chini ya banda, kwenye mbolea

Hapa ndo wengi wanapatikana. Mabanda yetu mengi ya mbao na wavu, kinyesi kinadondoka chini kinachanganyika na mkojo na maji yaliyomwagika na mabaki ya majani, ndani ya siku chache pako hai. Funza weupe kama punje za mchele, hawazidi sana sentimita moja na kidogo, ni wa nzi wa kawaida wa nyumbani. Kwa joto la huku kutoka yai hadi nzi anayeruka ni kama siku 7 hadi 10, kwahiyo ukizoa mara mbili kwa wiki hawamalizi mzunguko, ukizoa mara moja kwa wiki mbili unakuwa umefungua kiwanda. Ukikuta viganda vya kahawia, vigumu, haviendi popote, hao ni hao hao wamejifunga wanasubiri kutoka.

Alafu kuna yule anayetisha watu zaidi na ndiye asiye na hatia. Mkubwa, anafika sentimita mbili, bapa, ngozi ngumu yenye pingili unazozihesabu, rangi ya kijivu au krimu na akikomaa anageuka kahawia hadi nyeusi, ana kichwa kidogo kilichochongoka. Huyo ni BSF (black soldier fly, yani funza wa nzi askari mweusi), wale wale ambao siku hizi watu wanawafuga makusudi kwa ajili ya kuku na samaki. Kinachofanya watu wamuogope ni kwamba akikomaa anaacha kula na anatoka kwenye unyevu usiku kutafuta pakavu, asubuhi unawakuta wanapanda ukutani, wako nje ya banda, wamefika hadi kizingiti cha jikoni, unadhani sungura anatoa minyoo. Hapana. Haumi, nzi wake ni mweusi mwembamba watu wanamchanganya na nyigu, naye haumi wala hahangaikii chakula chako. Tena pale alipojaa nzi wa nyumbani wanapungua. Ukiwa na kuku, wakusanye uwape. Ila kuwepo kwake kunakwambia pale chini pana unyevu mwingi kuliko inavyotakiwa.

Wa tatu wa mbolea ni yule mnene mweupe aliyejikunja nusu duara, kichwa cha kahawia, miguu sita mbele, unamkuta ukifukua lundo la mbolea ya zamani ya nyuma ya nyumba. Mtoto wa mbawakawa wa mbolea. Mfukie arudi kazini, ila ukipeleka mbolea hiyo bustanini mchambue kwanza, maana jamaa zake wengine wanakula mizizi.

Kwenye maranda na pembeni pakavu

Kama umeweka maranda ya mbao, chunguza kona. Lava, yani mtoto wa kiroboto, ana milimita 2 hadi 5 tu, na anapenda giza, ukipenua maranda anazama. Kwa kuwa ni mdogo usihangaike naye sana, fanya jaribio la kitambaa: chukua vile vichembe vyeusi vilivyo kwenye manyoya au chini, weka kwenye kitambaa cheupe kilicholowa maji, subiri kidogo. Vikitoa rangi nyekundu ya kutu ni kinyesi cha kiroboto, yani damu iliyokauka, na hicho ndicho chakula cha hao lava. Visipotoa ni vumbi. Kama ndani kuna mbwa au paka basi chanzo ni yeye, mtibu yeye kwa dawa yake na umtenge na sungura mpaka ikauke.

Kama banda la sungura limepakana na la kuku, jambo la kawaida kabisa kwa sisi wa Buhongwa, Igoma na huko pembeni, utakutana na mdudu mwembamba wa kahawia mwenye mistari ya pingili, ngozi ngumu, miguu sita, anakimbia kweli, hazidi sana sentimita moja. Pamoja naye kuna vimbawakawa vyeusi vinavyong'aa. Huyo ni wa maranda ya kuku. Hamuumi sungura lakini anabeba vimelea kama salmonela kutoka huko, kwahiyo usimwache awe anahama banda hadi banda.

Kwenye gunia la chakula

Pumba za mahindi, mashudu ya pamba na ya alizeti, na zile peleti za dukani, vyote vinapata viwavi wadogo wa krimu wenye kichwa cha kahawia, na dalili yao kubwa siyo wao ni nyuzi: unachota pumba zinakuja zimeshikana kwa utando. Jioni unaona vinondo vya kijivu vinapepea stoo. Sungura akila mmoja hafi. Kinachonisumbua mimi ni kwamba gunia lililofika hapo mara nyingi limekaa sana au limepata unyevu, na pumba zenye ukungu zina sumukuvu, hiyo ndo inaua. Nusa. Ikinuka uvundo, tupa, usiende kuianika ukarudisha.

Alafu kuna wa kwetu hasa, wa dagaa. Ukiwahi kununua dagaa wa chakula cha kuku pale mwaloni Kirumba ukawaacha stoo mwezi, unamjua: kahawia, amejaa manyoya magumu, mgongoni ana mstari mweupe, mkiani ana vimiba viwili, na anaacha maganda yake kila kona kwasababu anajivua mara nyingi. Anakula dagaa wakavu, ngozi, manyoya, mizoga iliyokauka. Akiwa mkubwa anatafuta mahali pa kujichimbia na anatoboa hadi mbao, ndo maana unamkuta kwenye nguzo za banda la sungura ambalo halina dagaa hata mmoja. Ukimkuta usitafute bandani, tafuta stoo, angalia gunia la chakula cha kuku. Na kagua nyuma ya banda au darini kama kuna panya aliyekufa, huyo mdudu hakosekani hapo. Usimshike mkono mtupu, yale manyoya yanaweza kuwasha.

Maji na majani

Kwenye bakuli la maji vinavyochezacheza ni viluwiluwi vya mbu. Vikining'inia kichwa chini ni mbu wa kawaida, vikilala sambamba na uso wa maji ni anofelesi, mama wa malaria. Mwaga, sugua bakuli, badilisha kila siku, habari imeisha. Ukichota maji ziwani au ukaleta majani ya kando ya maji unaweza kukuta kinyoo chekundu kabisa. Huyo ni mtoto wa wale visubi wa ziwa, uwekundu wake ni himoglobini, inamsaidia kuishi kwenye tope lisilo na hewa. Na hapa niwaondoe wasiwasi wa kila mwezi: lile wingu linalopanda ziwani, ambalo wengine wanasema linatoka sana mwezi mwandamo, likifika mjini wadudu wanajaa kwenye taa na wanadondokea kwenye banda, siyo wao wanaozaa funza bandani kwako. Watoto wao wanaishi kwenye maji na tope la ziwa. Fagia tu maiti zao zisiozee kwenye trei.

Majani ndo mada inayonikera kidogo. Ukimpa sungura majani ya mahindi ukaona kiwavi, angalia usoni, kama ana alama nyeupe ya Y iliyopinduliwa, na karibu na mkia ana vidoa vinne vimekaa kimraba, huyo ni kiwavijeshi vamizi, yule aliyeingia Afrika 2016 na kwetu akafika mwaka uliofuata. Kwa sungura hana madhara. Mimi naogopa zaidi majani masafi kabisa yasiyo na kiwavi hata mmoja kutoka shamba ambalo jirani yote limeliwa, maana hapo kuna mtu kapuliza dawa. Uliza mwenye shamba kapuliza lini kabla hujakata. Kiwavi mwenye manyoya marefu popote utakapomkuta mtoe kwa kijiti.

Ukishindwa kabisa, mfuge

Njia ya uhakika kuliko picha kumi ni kusubiri awe mkubwa. Chukua chupa ya maji ya plastiki, kata juu, weka kidogo cha kile alichokuwa anakula, kiganja kimoja cha mchanga mkavu upande mmoja ili apate pa kujifungia, weka funza watano sita, funika na kipande cha chandarua na mpira. Weka kivulini mbali na sisimizi. Nzi watatoka ndani ya wiki moja au mbili, nondo na mbawakawa wanachelewa zaidi. Mdudu mkubwa hata mtu wa kawaida anamjua.

Sambamba na hao, wengine wawili watatu watumbukize kwenye maji yaliyochemka kwa sekunde chache, alafu wahamishie kwenye spiriti, kichupa cha dawa kinatosha. Ukiwaweka kwenye spiriti wakiwa hai wanasinyaa na kuwa weusi hawatambuliki tena. Andika karatasi kwa penseli siyo kwa kalamu ya wino, wino unafutika: tarehe, mtaa, umemkuta sehemu gani ya banda, mnyama gani. Mpelekee afisa mifugo wa kata, naye akishindwa maabara ya mifugo ya serikali, TVLA, ina kituo hapa Mwanza. Kama funza ametolewa kwenye mwili wa mnyama andika hilo kwa herufi kubwa, na taja ni kwenye kidonda, kwenye uvimbe au kwenye manyoya tu, maana hapo ndipo watakapoanzia.